Viza ya Kuingia Mara Moja

Nyumbani kwetu Wheaton, Marekani, karani nilikuwa mimi. Barua ikifika, Domina soma. Fomu ikija, Domina jaza. Kampuni ya umeme ikikosea, Domina piga simu. Si kwamba Mama hakujua Kiingereza. Alikijua vizuri, na wazee aliowahudumia kazini walimwelewa bila taabu. Ila kwenye simu, kila alipotamka jambo alijibiwa, "Samahani, unasema nini?" mpaka akachoka. Basi kazi hiyo ikaniangukia mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu, nami nikajiona mtu mkubwa kweli kweli.

Kila nilipotoka shule niliosha vyombo, nikainjika wali, kisha nikapitia barua za siku hiyo. Mwezi wa tatu, mwaka 1998, nilikuta bahasha yenye stempu nisiyoijua. Ilitoka Andora, kwa mama mdogo Anna, anayefanya kazi hotelini huko. Andora ni nchi ndogo mno, imebanwa milimani kati ya Hispania na Ufaransa, haina uwanja wa ndege wala reli.

Kumbe mama mdogo anaolewa! Bibi na babu walishafariki, na Mama ndiye aliyemlea Anna tangu akiwa na miaka sita. Kwetu Bukoba bibi harusi haondoki hivi hivi tu, lazima awepo mtu wa kwao wa kumkabidhi. "Dada usipokuja," Anna aliandika, "nitasimama peke yangu kama mtu asiye na kwao." Mama aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akalia, kisha akacheka, kisha akaenda kutoa kwenye friji kifurushi cha kahawa ya kutafuna aliyoletewa kutoka nyumbani. Wageni wa harusi lazima waionje, alisema, wapende wasipende.

"Domina," akaniambia, "kesho piga simu ubalozi wa Hispania, maana nitapitia kwao. Waulize kila kitu. Likizo yangu ni siku sita tu, nikichelewa kurudi kazi sina. Nataka kwenda, na nataka kurudi. Umesikia? Kurudi."

"Nimesikia, Mama."

Kusikia nilisikia. Na kupiga nilipiga. Ikapokea mashine, ikaniambia nisubiri, kisha ikanipigia muziki. Dakika kumi nzima, muziki! Mlangoni alisimama Makena, rafiki yangu Mkenya wa ghorofa ya chini, koti tayari mwilini. Tulikuwa tumepanga kwenda kutembea madukani.

"Wewe, twende bwana! Unaongea na mashine mpaka lini?"

Nikaweka simu chini.

Siku iliyofuata nikatafuta Andora kwenye kompyuta ya maktaba. Ukurasa ulifunguka polepole, mstari kwa mstari. Juu kabisa paliandikwa kwamba Andora yenyewe haidai viza. Chini yake kulikuwa na aya ndefu ya maandishi madogo. Sikuisoma. Nikachukua fomu ya Hispania, nikaijaza. Palikuwa na visanduku vya kuchagua: kuingia mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Nikatia alama kwenye mara moja. Si anakwenda mara moja?

"Umewapigia wale watu?" Mama akauliza jioni.

"Nimewapigia. Wamesema kila kitu kiko sawa."

Uongo huo ulinitoka bila hata kukwama kooni. Mama akatia sahihi, akapeleka fomu, na viza ikatoka. Nikasifiwa mpaka nyumbani kwa akina Makena.

Ikabaki siku mbili tu Mama asafiri. Siku hiyo ya Jumatano, jirani yetu Mjomba Clement alikuja na mizani yake kupima uzito wa sanduku. Si mjomba wa damu, lakini sisi watoto wa jengo lile tulimwita hivyo. Alikuwa dereva katika ubalozi mmoja mjini, na hadithi za safari za watu alikuwa nazo tele.

"Genoveva, huko unakokwenda lazima uwe na viza ya kuingia mara mbili," alimwambia Mama huku akining'iniza sanduku. "Mwaka juzi katibu mmoja pale kazini alikwenda Andora na viza ya mara moja. Kutoka Hispania akatoka vizuri. Alipotaka kurudi, mpakani wakamwambia viza yako imekwisha, ulishaitumia. Akajaribu upande wa Ufaransa, nako hivyo hivyo. Alikaa huko siku kumi na moja, hana pa kutokea!"

"Mungu wangu!" Mama akacheka. "Mimi sina wasiwasi. Karani wangu aliwauliza wenyewe." Akanitazama kwa fahari.

Nikajifanya nakwenda kutafuta kamba ya kufungia sanduku, nikaingia chumbani na kufungua pasipoti ya Mama. Viza ilikuwa na picha yake akitabasamu kidogo. Kwenye nafasi ya idadi ya kuingia paliandikwa 01.

Nilitaka kusema pale pale. Lakini Mjomba Clement alikuwepo, na Mama alikuwa amenisifu sasa hivi tu mbele yake. Nikajiambia labda hawataangalia. Labda Andora wana mlango mwingine. Jioni nikaacha chakula sahanini. Mama akanigusa paji la uso akidhani nina homa, na mkono wake ulivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kujichukia.

Alhamisi asubuhi Mama alikuwa akivaa viatu vya kazini. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Nikaona akitoka mlangoni sasa, basi tena.

"Mama, sikuwauliza."

"Hukuwauliza nani?"

"Ubalozi. Nilipiga, nikachoka kusubiri, nikaenda madukani na Makena. Nilikudanganya. Viza yako ni ya mara moja. Ukiingia Andora hutaweza kutoka." Hapo nikaanza kulia.

Mama akakiweka chini kile kiatu. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza. Akachukua simu mwenyewe, akapiga kazini kuomba kubadilishiwa zamu. Nilisikia akirudia maneno yale yale mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sauti ya utulivu. Akaiweka chini.

"Vaa viatu," akasema. "Twende."

Tukapanda treni ya kwenda mjini. Ubalozini foleni ilikuwa ndefu, na dirisha la viza lilikuwa linafungwa saa sita kamili. Tulifika mbele saa tano na robo. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Viza ikishatolewa hairekebishwi," alisema. "Jazeni fomu upya. Tena nahitaji barua ya mwenyeji wenu, ije kwa faksi, ionyeshe siku ya kuingia Andora na siku ya kutoka. Ije kabla sijafunga."

Tukakimbilia simu ya barabarani. Mama akakwangua kadi ya simu, akabonyeza zile namba ndefu, akakosea, akaanza tena. Huko Andora ilikuwa jioni. Simu ikalia, ikalia.

"Anna! Usiulize kitu, kamata kalamu!"

Tukarudi ndani. Nikajaza fomu, safari hii nikisoma kila mstari mpaka mwisho, maandishi madogo nayo. Saa tano na nusu, faksi hamna. Dakika ishirini zikapita, hamna. Watu waliokuwa nyuma yetu wakahudumiwa wote wakaondoka. Saa sita kasoro dakika nne, mashine iliyokuwa nyuma ya yule mama ikaanza kutoa karatasi. Akaisoma, akatuita.

"Mlijua anakwenda Andora. Kwa nini mliomba mara moja?"

Mama akafungua mdomo. Ninamjua Mama. Alikuwa anataka kusema kosa ni lake.

"Ni mimi," nikawahi. "Mama alinituma niulize, sikuuliza, nikamwambia nimeuliza. Yeye hana kosa hata kidogo."

Yule mama akavua miwani, akaniangalia. "Njooni kesho saa tano," akasema. "Siahidi kitu."

Ndege ilikuwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mjomba Clement alitupeleka mjini sanduku likiwa kwenye buti, maana hatukujua tungetoka ubalozini saa ngapi. Dirishani Mama alipewa pasipoti, na bila kuitazama akaniwekea mkononi.

"Soma, karani."

Nikafungua. 02. Nikasoma tena, kisha tarehe, kisha jina, herufi kwa herufi. "Mara mbili, Mama. Kuanzia kesho." Ndipo akanikumbatia, nami nikamlilia begani pale pale mbele ya watu.

Alirudi baada ya siku sita, kazini wakamkuta yuko mlangoni mapema. Alileta picha akimkabidhi mama mdogo, na nyingine ya bwana harusi akitafuna kahawa ya Bukoba kwa uso uliokunjamana. Nilicheka sana. Kisha Mama akafungua pasipoti kunionyesha mihuri miwili ya Hispania.

"Huu wa pili," alisema, "yule askari wa mpakani aliitafuta ile namba kwa kidole. Niliona kidole chake kinasimama pale. Ndipo akagonga muhuri, Domina. Kukosea fomu si kitu, hata mimi nakosea. Lakini uliponiambia umewauliza, mimi nikaacha kuuliza. Mtu anayekuamini hahakiki. Ukimdanganya huyo, unamwacha aende gizani huku akikushukuru. Ukishindwa kazi, njoo uniambie umeshindwa. Tutaifanya wote."

Akaniwekea bili ya umeme mezani. Walikuwa wamekosea tena.

Nikapiga. Mashine ikapokea, ikaniambia nisubiri, kisha muziki ukaanza. Nikavuta kiti, nikakaa.