Shamba la Mpunga la Kusrini

Kila asubuhi Kusrini alikwenda shule miguu mitupu. Viatu alivitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akainama mlangoni asigonge kichwa, kisha akaingia majini. Nyumba yao haikujengwa fupi. Kila bahari ilipopanda, Baba alimwaga udongo ndani, sakafu ikainuka na paa likabaki palepale, mpaka sasa watu wazima walitembea humo wamekunja shingo. Pale Rejosegara, kijiji cha pwani, wote waliishi hivyo, na aliyeweza kuhama alishahama.

"Inama!" Baba alimpigia kelele kutoka jikoni.

"Nimeshainama, Baba!"

Shuleni nako mambo yalikuwa yaleyale. Sakafu ya darasa lao, la tano, iliinuliwa hadi madirisha yakawa usawa wa magoti. Nusu ya madawati hayakuwa na watu. Maneno yalishaenea kwamba shule itafungwa, watoto wapelekwe shule ya bara, mbali, safari ya pikipiki. Baba hakuwa na pikipiki, na hakumficha binti yake. "Hii ikifungwa, mwanangu, ndiyo basi tena. Utakaa na mama yako mchokoe kome kwenye maganda yao."

Kusrini hakutaka kuchokoa kome. Alitaka kusoma, na siku hizi alitaka zaidi kusoma Maarifa ya Jamii, somo ambalo zamani lilimtia usingizi hata kabla halijaanza. Zamani Mwalimu Warsiti alisoma kitabu, wao wakanakili, kengele ikalia. Kisha mwalimu akaitwa semina mjini, kufundishwa namna ya kulifanya somo hilo lipendeze. Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Fungeni vitabu," alisema siku ya kwanza. "Nendeni mkawaulize wazee nyumbani, hapa palikuwaje kabla ya maji? Kesho mje mnisimulie."

Lo! Kesho yake darasa lilichangamka kama soko. Hata Jumadi, ambaye mwaka mzima hakuwahi kujibu swali, alisimulia jinsi babu yake alivyokimbizwa na nyati wake wa kulimia mahali ambapo sasa panapita mitumbwi. Ilibidi aambiwe akae. Kusrini alicheka hadi mbavu zikamuuma.

Raha hiyo haikudumu. Barua ilikuja kwamba walimu wa shule jirani wangefika pamoja na mkufunzi wa semina, kutazama somo la mfano. Mwalimu Mkuu, Bwana Sugiarto, aliingia darasani huku anasugua viganja.

"Hii ndiyo nafasi yetu," alisema. "Wakilipenda somo, tutakuwa shule ya mfano, na shule ya mfano haifungwi. Lakini hatubahatishi. Watoto wafanye mazoezi ya kila neno."

"Mwalimu Mkuu, semina ilisema watoto waachwe waseme wenyewe," Mwalimu Warsiti alijibu taratibu.

"Wakisema wenyewe watasema nini? Maji! Nani ataiacha shule kwenye maji?"

Mwalimu Warsiti alikuwa wa kibarua, hajaajiriwa rasmi. Alichukua chaki, akaanza kuwagawia maneno.

Basi wakafanya mazoezi. Mchezo ulikuwa wa soko, mada ni "Kazi za Watu wa Kijiji Chetu", na kijiji kilikuwa kile cha kitabuni, chenye mashamba ya kijani. Likiulizwa swali, wote wanyooshe mikono. Anayejua jibu akunjue kiganja, asiyejua akunje ngumi, ili mwalimu ajue wa kumchagua. Kusrini, kwa sauti yake nzuri, alipewa maneno makubwa kuliko wote: "Baba yangu analima mpunga. Tukivuna tunauza sokoni, na pesa hiyo ndiyo inanisomesha."

"Haya, binti mkulima!" Jumadi, aliyepangiwa kuuza mbuzi, alimchokoza wakati wa mapumziko. "Mpunga wenu mnavuna kwa nyavu?"

"Nyamaza, we muuza mbuzi usiye na hata kwato!"

Walicheka, lakini kicheko cha Kusrini hakikufika mbali. Jioni alimweleza Baba. Baba alikuwa akiosha tope la kome miguuni.

"Shamba tulikuwa nalo kweli," alisema. "Nikalifanya bwawa la samaki, bahari ikalichukua na bwawa. Wewe sema tu. Kama mpunga wa uongo utatubakizia shule, sema mpaka wasikie harufu yake."

Siku ikafika. Wageni walikaa nyuma, suruali zimekunjwa, wengine bado wamebeba viatu mkononi. Mkufunzi, Bibi Endah, alikuwa mama mnene mwenye uso wa furaha. Somo lilikwenda kama maji ya mfereji. Mikono ilipanda yote kwa pamoja, mbuzi wa Jumadi wakanunuliwa, na Kusrini akasema maneno yake bila kukwama. Walimu wa nyuma waliandika mbiombio. Bwana Sugiarto, mlangoni, alikuwa anatabasamu kama baba wa bibi arusi.

"Hongereni sana!" Bibi Endah alisema. "Walimu wenzangu, mmeona? Sasa tulimalizie nje. Somo la jamii hunoga likitoka darasani. Binti, shamba la baba yako liko wapi? Tupeleke tukalione."

"Njia ina tope, Bibi," Bwana Sugiarto aliwahi kusema.

"Tope tumeshalizoea tangu barabarani. Liko wapi, mwanangu?"

Kusrini alimtazama Mwalimu Warsiti. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Maneno ya kuponea yalikuwepo: ni mbali, Baba amesafiri. Aliwaona wale walimu, kalamu tayari, wanangoja kuandika jibu lake wakalifundishe kwao, na akaona aibu ambayo hajapata kuiona.

"Liko chini ya bahari," alisema. "Hakuna mpunga hapa. Baba anaokota kome. Nimedanganya."

Jumadi akainuka. "Na mimi sina mbuzi! Lakini babu alikuwa na nyati, aliwafunga pale kwenye ile miti mikavu." Mwingine akadakia kwamba makaburi ya kwao yamo majini, na siku ya Idi wanaomba dua juu ya mtumbwi. Wakajaa ubaoni kuchora mashamba yalipokuwa, wakibishana, wakisukumana, na hakuna aliyekumbuka kunyoosha mkono. Walimu walikuwa wameweka kalamu chini. Bibi Endah alikuwa anajifuta macho. Bwana Sugiarto alikwishatoka nje, akasimama kwenye maji na viatu vyake.

Shule ilifungwa baada ya mitihani. Barua haikutaja mpunga wala somo la mfano, ilisema watoto ni wachache na ardhi inatitia. Ila Rejosegara watu walihitaji mtu wa kumlaumu. "Umeifunga shule kwa mdomo wako," mama mmoja alimwambia Kusrini njiani, na maneno hayo yalimlaza na njaa.

Siku ya mwisho alimkuta Mwalimu Warsiti anafunga vitabu kwa kamba. Alimshika mkono, akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama wanafunzi wanavyomwamkia mwalimu, kisha akashindwa kuuachia.

"Ningenyamaza, Mwalimu, pengine ingebaki."

"Pengine," mwalimu alisema. Hakumdanganya. "Mimi sijui, na hakuna atakayetuambia. Nisikilize, Rini. Ukweli haukutuokoa, na sikuahidi kwamba utatuokoa. Lakini siku ile niliwaacha mjifunze kwamba shule ni mahali pa kuwadanganya wageni, na wewe ulikataa. Mimi mtu mzima niliogopa kupoteza kibarua changu. Kusema kweli si mpaka upewe kitu, mwanangu. Unasema kwa sababu atakayedanganywa ataondoka na uongo wako, akajenge juu yake."

Mwalimu alipanda pikipiki ya mdogo wake, na vitabu vyake, akaenda kutafuta kazi mjini. Hakurudi.

Jumadi alihamia kwa shangazi yake huko bara. Jumapili moja alikuja kusalimia, akamkuta Kusrini barazani na mama yake, vidole vimejaa mikwaruzo ya kome.

"We Rini, unamkumbuka yule mwalimu mwembamba aliyekaa nyuma siku ile? Ndiye anayetufundisha Maarifa ya Jamii. Alinisimamisha mbele, akasema, haya, tueleze bahari inavyokula kijiji. Somo zima niliongea mimi! Wiki hii tunakwenda kupima maji kwenye mto."

"Ulisema kweli yote?"

"Yote. Nikawaambia na wewe ulivyosema. Wakauliza, huyo Kusrini mbona hayupo?"

"Ukawajibu nini?"

Jumadi alikuna kisigino. "Nikawaambia hapa hakuna shule."

Kusrini alitikisa kichwa kukubali. Mama yake aliacha kuchokoa.

"Umewafundisha walimu, mwanangu," alisema. "Hilo hawatakunyang'anya."

Kisha akamsogezea ndoo nyingine ya kome, maana mnunuzi angepita kabla maji hayajapanda.