R ya Redio

Haya yalimpata Pelagia, niliyesoma naye chuo kikuu, mwaka 1996 pale Musoma. Waranti ya kompyuta ya ofisi ilikuwa inaisha siku hiyo, na bosi alishamwambia asipobadilishiwa bure ile kibodi iliyoharibika, hana kazi. Mchana ule wadudu wa ziwani walikuwa wingu zima. Alifunga mlango na madirisha ya mbao, akabaki gizani, akapiga simu dukani Mwanza.

“Herufi mbovu ni R.”

Fundi akacheka. “Nyie watu wa Mara mnavyochanganya R na L! R ya redio au L ya limau?”

Kabla Pelagia hajajibu, fundi akasema, “Haya, ya redio. Mwambie huyo bibi aliyenijibu asante, ila asogee, anapumulia simu.”

“Kaka, niko mwenyewe.”

Pelagia akabana pumzi. Nje wadudu walivuma.

“Bado namsikia,” fundi akasema.