Kuku Waliodonoa Ukuta wa Eufrasia

Saa moja asubuhi, pale Mugango, Eufrasia alifungua kufuli la baraza lake jipya, akasukuma mlango, akapiga yowe lililowatoa majirani vitandani. Cherehani haipo! Meza ipo, vitambaa vipo, hata mkasi upo. Lakini cherehani, ile ya mkono aliyoachiwa na marehemu mumewe, haionekani.

Na ubaya wake ni huu. Ukoo wa marehemu ulikuwa umeshamtamkia: akishindwa kujilisha, arudi kwao Bunda, nyumba wachukue ndugu. Ndiyo maana mwaka huo wa 1987, saruji ilipoanza kuonekana tena madukani Musoma, alijikamua akamwita fundi Masatu kutoka Kiriba amzibie baraza kwa matofali, apate pa kushonea hata mvua ikinyesha. Bila cherehani, angeshonea nini? Angefunga mizigo tu.

Alfonce, mdogo wa marehemu, alikuwa wa kwanza kufika, anahema.

"Kufuli halijavunjwa? Basi mwizi ana ufunguo. Nani mwingine ana ufunguo, shemeji?"

"Fundi," Eufrasia akajibu.

Loo, watu hawakungoja zaidi! Koplo Hyasinta alipofika kutoka Musoma saa nne, alimkuta Masatu ameketishwa chini, mikono imefungwa kwa kamba ya nyavu, shati limechanwa. Hyasinta alikuwa binti wa kisiwani Rukuba, mfupi, mkali, na hakuwa na subira na watu wanaopiga kabla ya kuuliza.

"Mfungueni."

"Afande, huyu mwizi ..."

"Nimesema mfungueni! Hapa mmejenga mahakama lini?"

Wakamfungua. Hyasinta akachuchumaa mbele yake.

"Jana uliondoka saa ngapi, fundi?"

"Jioni, afande. Nilimaliza ukuta wa upande wa ziwani, na mchanga ukaniishia, nikafagia mpaka punje ya mwisho. Mwingine nilikuwa nangoja uletwe leo kutoka mtoni, ndio nianze lipu."

"Na ufunguo?"

"Huu hapa. Afande, mimi nimejengaga Kiriba yote, sijachukuaga hata msumari wa mtu."

"Wote wanasemaga hivyohivyo," Alfonce akadakia.

Hyasinta akainuka. Alizunguka baraza taratibu, anagusa ukuta kwa kiganja. Upande wa ziwani aliwakuta kuku wa jirani wamejipanga chini karibu na msingi, wanadonoa ukuta. Eufrasia akawafukuza. Wakarudi palepale. Akawafukuza tena, wakarudi tena, na sehemu ni ileile moja.

"Waache," Hyasinta akasema. "Tangu lini kuku akala saruji?"

Alichukua ufunguo wa fundi, akakwangua kiungo cha matofali. Kilikuwa bado laini, kikamomonyoka. Kwenye kiganja chake kikadondoka kichwa cha dagaa. Akakwangua tena, kikatoka kingine.

"Fundi, wewe unachanganyaga saruji na kitoweo?"

Watu wakacheka. Masatu hakucheka hata kidogo. Alisogea, akatazama, uso ukabadilika.

"Mchanga wangu ni wa mtoni, afande, hauna samaki. Na hii si kazi yangu. Angalia kiungo kilivyopinda! Mimi siwezi kumwachia mteja kitu kama hiki."

Hyasinta akasimama, akawageukia watu.

"Sikilizeni. Mwizi hakupita mlangoni. Alikuja ukuta ukiwa mbichi, akachomoa matofali haya, akaingia, akachukua cherehani. Kisha akayarudisha, ili asubuhi tuangalie kufuli na kumkamata mwenye ufunguo. Saruji aliichota humo humo ndani, kwenye mfuko wa fundi. Mchanga ndio haukuwepo, akaenda kuchota wa kwake. Sasa, mchanga wenye vichwa vya dagaa unatoka wapi?"

"Unatoka walipoanikwa dagaa," mtu akajibu.

Macho yote yakamwangukia Nyamburi, jirani mwuza dagaa, mwenye wale kuku. Nyamburi akashika kiuno.

"Mimi? Thubutu! Njooni muone. Mimi naanikaga juu ya mawe, yale kule. Mnunuzi wa Bunda akikuta mchanga ananirudishia gunia zima."

Hyasinta aliyaona mawe, yameng'aa kwa magamba, wala hakuna mchanga karibu.

"Basi nani anaanikaga mchangani?"

"Si huyo hapo, shemeji mtu!" Nyamburi akamsonta Alfonce. "Sokoni Bunda wanamjua. Ukinunua kisado chake, nusu unapika, nusu unajengea."

Kicheko kikapasuka. Alfonce akatoa macho.

"Mimi jana nililala Rukuba! Nilivuka tangu mchana."

"Ulivuka na nini?" Hyasinta akamuuliza polepole. "Jana nilikuwa mwaloni Musoma, kwenye mitumbwi, nataka kwenda kumwona mama yangu hukohuko Rukuba. Ziwa lilichafuka kutwa, wavuvi wote wakagoma. Hakuna aliyevuka, Alfonce."



Walikwenda wote hadi kwenye kibanda cha Alfonce ufukweni. Hyasinta aliinua nyavu moja, ya pili, ya tatu. Chini yake kulikuwa na karai lenye saruji iliyoganda, na gunia. Eufrasia hakungoja kuambiwa. Alilifungua gunia kwa meno, akaikumbatia cherehani yake, akalia kwa furaha mbele ya kila mtu bila aibu.

"Nyumba ni ya kaka yangu!" Alfonce akalipuka. "Ilibaki kidogo tu aondoke, mara anaita fundi, anaongeza kuta, hata kuniuliza hakuniuliza. Mwanamke akishajenga, nani atamtoa?"

"Hakuna," Eufrasia akamjibu.

Pingu zilipolia mikononi, Alfonce akalainika ghafla. "Shemeji jamani, mambo ya ndani haya. Tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia ulimfungisha mtoto wa watu kamba, ukakaa ukimwangalia anapigwa. Afande, mchukue!"

Wanawake wakapiga vigelegele, Nyamburi akiongoza. Cherehani ikabebwa juu kwa juu mpaka barazani, ikawekwa mezani pake. Waliomfunga Masatu wakamjia mmoja mmoja, vichwa chini, wanaomba radhi. Eufrasia naye akamshika mkono.

"Nisamehe, fundi. Mimi ndiye niliyelitaja jina lako."

"Uliulizwa, mama, ukajibu. Yameisha."

Eufrasia akavuta kiti, akatunga uzi, akazungusha mpini, na mshono ukaanza kutembea kwenye kitambaa. Watu walikuwa bado wamejaa mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Fundi," akasema, "ukimaliza hapa, nipimie na baraza la nyuma. Nalo naliziba."