Udongo wa Waliovushwa Bahari

Katika mji wetu wa ngome, hapa Japani, kikombe kipya kikivuja hakuna anayeshtuka. Ndiyo tabia ya udongo wetu; unakichemsha ndani ya uji mwepesi wa mchele, kinakaza. Kwa hiyo Shizue alipoona meza imelowa chini ya kikombe ambacho mumewe alikitoa tanuruni asubuhi hiyo, alipitisha kidole tu, akakilamba kwa mazoea. Kilikuwa na chumvi ya bahari.

"Baba, umetia nini humu?"

"Chai," alijibu mumewe, Heihachi. "Ulimi wako umezeeka, mama. Nenda ukaukaze kwa uji."

"Na udongo umeutoa wapi?"

Heihachi akatupa jicho nyuma ya tanuru, na Shizue akajua. Shimo la ukoo lilikuwa limekwisha. Ulibaki mteremko wa nyuma ya tanuru, ambao kwa miaka mia nne haukuguswa na jembe, maana humo wamelala wafinyanzi wa kwanza, Wakorea ambao bwana wa ngome aliwateka vitani na kuwavusha bahari wakiwa wamefungwa kamba. Heihachi alikuwa kizazi cha kumi na nne chao.

"Ni babu zangu," alisema. "Wataninyima udongo?"

Hawakumnyima. Siku ya pili karakana ilinuka mwani na kamba za kufungia zilizolowa. Siku ya tatu, wawili hao wakila chakula cha mchana, walisikia gurudumu la zamani la kusukuma kwa mguu likizunguka peke yake. Na siku ya nne Heihachi aliacha gurudumu lake la umeme, akapanda lile la zamani, akaanza kufinyanga kwa kulizungusha upande ambao hakuwahi kufundishwa, huku akinong'ona kwa lugha ambayo hakuwahi kuijua, na Shizue alipomshika bega akamwita kwa jina, na kumtukana, na kumbembeleza, yeye alijikunja kama mtu aliyezoea kupigwa.

Shizue alimpenda mtu huyo miaka thelathini na sita, tena kwa kelele nyingi. Alimtaka arudi, basi. Akamwita mtawa Ryoen, aliyewazika wazazi wao. Mzee huyo aliweka chumvi na pombe ya mchele mdomoni mwa tanuru, akasoma sala hadi sauti ikamkauka.

"Udongo mbichi nitaurudisha mteremkoni," alinong'ona. "Uliochomwa je?"

"Vikombe arobaini na kimoja, mheshimiwa. Nilivizika jana. Leo nimevikuta vimepangwa rafuni."

Mtawa akafumba macho. "Kilichochomwa hakirudi kuwa ardhi, mama. Mmewachoma. Hawana tena pa kulala ila ndani ya mumeo."

"Basi msomee tena!"

"Nimemaliza ninayoyajua." Akavaa viatu na kuondoka bila kumtazama.

Heihachi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa tope. Akapiga magoti mbele ya mkewe, paji la uso sakafuni. Safari hii Shizue alimwelewa, ingawa maneno yalitoka kwa shida, kwa lafudhi ya mgeni.

"Vyombo tumemaliza, bwana mkubwa. Mlisema tukimaliza mtatupeleka kwetu. Ni lini?"

Shizue alitafuta jibu lolote la kumfungulia mumewe.

"Kesho," alisema.

Heihachi aliinuka kwa adabu.

"Ndivyo mnavyotujibu kila siku," alisema, akapanda tena gurudumu.