Mhojiwa wa Sita

Kila asubuhi mama alitangulia kutoka, kwenda kufua mashuka hospitalini, naye Msomi alifuata na begi lake la vitabu. Msomi ni jina alilobandikwa nyumbani tangu alipoingia chuo kikuu kusomea sosholojia, na muhula huu hata jina lenyewe lilikuwa limemchosha.

Somo la mbinu za utafiti lilimtaka awahoji watu sita wanaofanya kazi za mikono hospitalini. Aombe ruhusa, arekodi kwa simu, kisha aandike yote waliyosema, neno kwa neno, hata kikohozi. Maongezi ya saa moja yalimchukua saa sita za kuandika. Watano aliwamaliza. Alipofika wa sita, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kazi ilitakiwa kesho yake.

"Wa sita ni mama," alijiambia. "Nimuulize nini nisichokijua?"

Akaketi, akaandika maswali na majibu yote mwenyewe. Mama wa kwenye karatasi alisema kazi ngumu ni kubeba mashuka yaliyolowa, na kwamba mgongo unamuuma. Msomi hakuuona huo kuwa uongo. Mgongo wa mama ulikuwa ukiuma kweli.

Wiki iliyofuata Mhadhiri wa somo hilo alimwita ofisini. Alikuwa amevua viatu chini ya meza, miguu imemvimba kwa kusimama, na mbele yake kuna rundo la kazi za wanafunzi.

"Kaa. Huyu wa sita ulimhoji wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Ni mama yangu."

"Mlinzi uliyemhoji amekatizwa na honi mara nne. Mpishi amekuuliza kama umeolewa. Mfagizi amelikwepa swali la tatu mpaka ukakata tamaa. Lakini huyu mama anajibu kila kitu papo hapo, hakohoi, hakuulizi neno, hata simu yake haiiti. Wewe unamjua mama wa namna hiyo?"

Aibu ilimpanda Msomi mpaka masikioni.

"Sikumhoji, Mwalimu. Nilichoka, nikamjibia."

"Sote tumechoka," alisema Mhadhiri bila hasira. "Nakupa siku tatu. Usiponiletea sauti yake, somo hili utalirudia mwakani."

Kurudia maana yake ni mwaka mwingine wa mama kubeba mashuka ili yeye asome. Msomi alirudi nyumbani kumsubiri mama.

Jioni mama aliingia, akajitupa kitini, mikono inanuka sabuni kali ya hospitali. Msomi alimweleza yote bila kuficha, kisha akaweka simu mezani na kumwomba ruhusa ya kurekodi.

"Ruhusa!" Mama alicheka kwa uchovu. "Sandali zangu unazivaa kila siku, ruhusa umeijua leo? Haya, uliza."

"Kazini kwako, mama, kitu gani kigumu zaidi?"

Mama alinyamaza. Sufuria ikafoka jikoni, akaenda kuiteremsha. Aliporudi alikuwa ameshika lile kopo la rafuni, ambalo tangu utotoni Msomi alidhani ni la vifungo.

"Mashuka si kitu," alisema. "Ni hivi vinavyosahauliwa ndani yake. Nikikuta kitu, saa ya chakula napanda wodini kukirudisha. Mara nyingine nakuta kitanda kimeshatandikwa upya, mwenyewe hayupo tena, na hakuna wa kumpa."

Ndani ya kopo mlikuwa na chanuo, miwani ya kioo kimoja, na soksi moja ndogo mno. Msomi aliishika ile soksi, akashindwa kusoma swali lililofuata.

"Mbona hukuwahi kuniambia, mama?"

"Ningekuambia saa ngapi? Unarudi umechoka, narudi nimechoka, tunaishia kuulizana kama maji yapo."

Siku ya tatu Mhadhiri alisikiliza sauti yote, pamoja na ile sufuria na ule ukimya mrefu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapa mliponyamaza umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba mama ananyamaza, Mwalimu. Na mimi pia."

"Basi umefaulu. Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Kosa ni kumjibia mtu aliye hai, anayeweza kuulizwa. Ukimjibia, unabaki na yale yale uliyokuwa nayo, na yeye unamkosa." Alimrudishia simu yake. "Leo ukifika nyumbani, izime hii. Halafu mwulize tena."