Simu Iliyobisha Hodi

Simu ilitoka kwenye boksi ikiwa na joto. Si joto la kuunguza, la hasha. Lilikuwa joto la yai lililotolewa chini ya kuku sasa hivi. Fahrija akaishika kwa viganja viwili, akamgeukia mdogo wake Zumra aliyekuwa amesimama dirishani kampa mgongo, akamuuliza mbona kitu kimezimwa na kina moto. Zumra akasema ni jua tu, boksi limekaa garini tangu Linz, kule ughaibuni anakoishi, na Agosti ya hapa kwetu Travnik si mchezo. Jibu likatosha. Mtu akiletewa zawadi na ndugu yake wa tumbo moja haanzi kuikagua kama ofisa wa forodha.

Tena alikuwa na haraka. Simu yake ya zamani ilikuwa inakata roho. Betri ilikuwa imevimba mpaka kioo kikabenuka pembeni, na fundi alishamwambia wazi kwamba haimalizi mwezi. Ndani yake mlikuwa na jumbe kumi na moja za sauti za marehemu mumewe Hilmo, dereva wa basi, aliyeondoka kwa ugonjwa wa mapafu miaka miwili iliyopita. Si jumbe za maana. Katika mmoja anauliza anunue mkate mmoja au miwili. Katika mwingine anamtukana mtu aliyeegesha gari mahali pa basi. Katika ule wa mwisho, wa hospitalini, anasema, "Faha, usije leo, kuna barafu njiani, utaanguka." Hakwenda, na kesho yake wakampigia kumwambia Hilmo hayupo. Hawakujaliwa watoto, na picha hazisemi. Jumbe zile ndizo zilizobaki za Hilmo hapa duniani, na Fahrija angeweza kuuza kila kilichomo ndani ya nyumba ile kabla hajapoteza hata mmoja.

Basi akaketi mezani kuiandaa simu mpya, Zumra akimwelekeza kutoka kule kule dirishani. Chagua lugha. Weka namba ya siri. Weka kidole, inua, weka tena. Sasa uso, uzungushe polepole. Fahrija akamwambia aje aimalizie yeye, kwani yeye ndiye mjuzi wa vitu hivi, na Zumra akajibu upesi mno kwamba hapana, simu ni yako, iguse mwenyewe. Chaja hakuja nayo. Eti siku hizi hawaweki, na ile ya zamani ikakataa kuingia kwenye tundu. Jambo moja tu Zumra alilifanya kwa mkono wake. Aliifunika simu nusu kwa kitambaa cha vyombo, akabonyeza mara mbili tatu kwa ncha ya kidole, akasema amemchagulia mlio wa upole, usiomshtua.

Wakazilaza simu mbili ubavu kwa ubavu, jumbe zikahamia zote kumi na moja, Fahrija akazihesabu. Ile ya zamani ikazimika pale pale na haikuwaka tena. Kesho yake Zumra akarudi Linz kwa mumewe na mabinti zake wawili, na wakati wa kuagana alilia kuliko ilivyo kawaida yake. Fahrija akafurahi moyoni kwamba bado anapendwa kiasi hicho.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, alikuwa anavuta unga uliokandwa wa pita, andazi la matabaka la kwao. Ulikuwa umetandazwa meza nzima, mwembamba mpaka maua ya kitambaa cha meza yanaonekana chini yake, aliposikia hodi. Ngo, ngo, ngo. Kidole kilichokunjwa juu ya mbao, wazi kabisa. Sasa, mwanamke wa Travnik akisikia hodi haulizi ni nani. Kuuliza ni uchoyo, na majirani watalizungumza jambo hilo mwaka mzima. Anasema neno moja tu, na mdomo hulitamka kabla kichwa hakijafikiri.

"Bujrum," akasema Fahrija. Yaani karibu, pita ndani, nyumba ni yako.

Hakuingia mtu. Akaenda kufungua mlango kwa mikono ya unga, akakuta ngazi tupu. Hodi ikabishwa tena, mara hii nyuma yake, juu ya kabati la vyombo, ilipokuwa simu. Akacheka peke yake. Kumbe ndio mlio wa upole wa Zumra, huyu mtoto hajaacha utundu wake! Akaitania simu, bujrum tena, bujrum, ingia ule na wewe. Kwenye kioo hapakuwa na ujumbe wala jina la aliyepiga. Kulikuwa na betri tu, asilimia sitini na mbili. Jana yake ilikuwa hamsini na tisa, na hakuwahi kuichomeka popote.

Alidhani ni maendeleo. Watu wa viwandani hawashindwi kitu, labda siku hizi simu zinajichaji kwa jua. Lakini keshoye, baada ya alasiri, hodi ikabishwa, betri ikawa sabini, na alipotaka kumsikia Hilmo akiuliza habari ya mkate akakuta ujumbe ule haupo. Zimebaki kumi. Akatafuta mpaka macho yakamuuma. Siku iliyofuata, hodi, sabini na tisa, na yule mtu aliyeegesha gari vibaya naye akatoweka pamoja na matusi yake. Jikoni kukaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji. Akafagia jiko la kuni, akasugua bomba, akatoa zulia nje, na harufu ikakaa pale pale.

Hodi nazo zikahama. Ikabishwa ndani ya kabati. Ikabishwa chini ya sinki. Siku moja alasiri, jua likiwa bado juu ya paa la msikiti, ikabishwa ndani ya ubao wa kitanda upande aliokuwa akilala Hilmo, na kila mara Fahrija aliposhtuka, ulimi wake ulikuwa umeshasema lile neno.

Zilipobaki jumbe nne, simu ikasema yenyewe.

"Faha."

Ilikuwa sauti yake. Ile ya kukwaruza, na kupumua kule katikati ya jina. Fahrija akakaa sakafuni. Nisikufiche, hakuogopa. Alifurahi mpaka akaona haya, akajifunika uso kwa aproni kama bibi harusi. Sauti ikamwambia imekaa gizani muda mrefu na mambo yanaipotea. Ikamwomba, "Nikumbushe, Faha. Nikumbushe siku ile ya theluji."

Akamkumbusha. Akamsimulia jinsi basi lake lilivyokwama na yeye akamletea supu kwenye birika, akitembea kwa miguu na theluji magotini, na abiria wakampigia makofi. Kesho yake ikataka harusi. Keshokutwa ikataka nyumba yao ya kwanza, ile ya chumba kimoja. Fahrija akaacha kupika, akaacha kutoka, akawa anangoja alasiri kama msichana anayengoja mchumba. Betri ikawa tisini na moja.

Ijumaa mchinjaji alimwona amekonda, akamtania kwa wema kwamba Hilmo angemgombeza, maana alipenda mkewe awe na nyama, akauliza eti macho ya marehemu yalikuwa ya bluu au ya kijani, yeye na muuza samaki wamebishana asubuhi nzima. Fahrija akafungua mdomo ajibu na hakukuta kitu. Akatafuta macho, akatafuta harusi, akakuta amevaa nguo nyeupe na pembeni yake amesimama mtu asiye na uso, akatafuta theluji, akajua kwamba ilikuwepo theluji kwa sababu jana alisema "theluji" kwa kinywa chake mwenyewe, lakini basi halikuwepo tena, wala supu, wala makofi, na hapo ndipo alipoelewa, amesimama mbele ya kondoo walioning'inizwa, kwamba alichokuwa anakisimulia kila alasiri hakikuwa kinakumbushwa, kilikuwa kinaliwa, na kwamba kile kitu jikoni kwake kinajua sasa kumhusu mumewe kuliko anavyojua yeye. Hakurudi nyumbani. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti, ina joto, naye akapanda mtaa moja kwa moja mpaka kwa bibi Hatka.

Hatka ni mmwaga risasi. Mtu akishikwa na hofu isiyo na jina huenda kwake, akafunikwa kitambaa chekundu, na Hatka huyeyusha kipande cha madini ya risasi kwenye kijiko, akaimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha mgonjwa huku anasoma dua. Risasi hupiga kelele ndani ya maji, ikaganda umbo la kile kilichomtisha mtu. Fahrija akaiweka simu mezani, akamweleza yote, na Hatka akamwaga mara moja tu. Akaokota kipande, akakikausha kwa aproni, akakiweka kiganjani mwa Fahrija. Kilikuwa mkono mdogo uliokunja vidole, kama unaobisha mlango.

"Nani alikupa hii simu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Fahrija akasema ni zawadi. Hatka akatikisa kichwa. Huyu ni jini, haingii mwenyewe, alisema. Mpaka apewe mtu kwa mkono wa ndugu wa damu yake, ndani ya kitu kinachokula, kama simu inavyokula umeme, na huyo mtu amkaribishe kwa kinywa chake. Anayempa anajua anachokitoa. Hakuna anayempa kwa bahati mbaya.

Fahrija akaitazama simu. Alikumbuka kitambaa cha vyombo. Akakumbuka ule mlio wa upole uliochaguliwa kati ya milio mia. Kumbe alichaguliwa hodi na mtu aliyelelewa nyumba moja naye, anayejua vizuri kwamba Fahrija hajawahi kuiacha hodi bila kuijibu. Akaomba simu ya Hatka, akapiga Linz.

Zumra hakukana hata dakika moja. Kilio chake kilikuwa kinangoja tu kuulizwa. Alisema jini lilikuwemo katika nyumba waliyopanga, lilianza na mabinti. Mkubwa alisahau njia ya shule. Mdogo asubuhi moja alimwita yeye, mama yake, shangazi. Mtu mmoja wa huko akamwonyesha namna ya kulitoa, na kwamba lazima apewe ndugu wa damu.

"Ningempa nani, dada?" akasema. "Mimi nina watoto wawili. Wewe una nani?"

"Nilikuwa na Hilmo," akasema Fahrija.

Zumra akasema, polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba Hilmo amekufa. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Jini lilimla mumewe kwa sababu lina njaa. Zumra alipiga hesabu, akaona hakuna kitakachopungua. Alimpima dada yake na kumwona ni nyumba tupu.

Hatka akamweleza lililobaki. Akilimwagia risasi jini litatoka, lakini halipotei hewani. Litarudi kwenye kizingiti lilikotolewa, kule Linz. Na lilichokula linaondoka nacho, sauti, harusi, macho na yote. Akamuuliza mara mbili kama ameelewa. Akamwambia pia anaweza kukaa nalo, wapo waliokaa.

"Mwaga," akasema Fahrija.

Wakaiweka simu ndani ya bakuli kavu la shaba, wakaifunika kitambaa chekundu, na bakuli la maji likawekwa juu yake. Risasi ilipoanza kulegea kwenye kijiko, hodi zikabishwa ukutani, kwenye dari, kwenye viti walivyokalia, na Hatka akamziba Fahrija mdomo kwa kiganja chake ili ulimi usije ukateleza. Kisha hodi zikaacha. Chini ya kitambaa sauti ya Hilmo ikauliza, bila hasira hata kidogo, "Faha, unanifukuza?" Fahrija akafumba macho na Hatka akamwaga. Kikasikika kitu kama mtu anayevuta pumzi akiwa ameingia maji ya baridi. Walipofunua, simu ilikuwa baridi kama jiwe, na kioo chake cheusi.

Wiki mbili zikapita. Jikoni kukarudi kunuka kitunguu na kahawa. Fahrija alikuwa anakula, analala, anakwenda sokoni, na hakukumbuka lolote kumhusu Hilmo. Alijua aliolewa kwa sababu cheti kilikuwa droo ya juu. Alitazama picha ya mwanamume aliyevaa sare ya dereva na kumwona mtu mwema asiyemfahamu. Hakuwa na la kulilia, na kule kutokuwa na la kulilia ndiko kulikomfanya asimame dirishani kutwa nzima.

Jumatatu, baada ya alasiri, simu ya mezani ikalia. Alikuwa Zumra. Aliongea kwa kunong'ona. Limerudi, dada. Limo jikoni, ndani ya jokofu, ndani ya ukuta. Linaongea kwa sauti ya shemeji na halimtaki mtu humu ndani, linakuita wewe. Wasichana wanalijibu. Sema nalo, nakuomba, litakusikiliza wewe, liambie litoke.

Nyuma ya mnong'ono ule, mbali, kulikuwa na sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya kukwaruza, ina kupumua katikati, na ilikuwa inasimulia habari ya basi lililokwama kwenye theluji na mwanamke aliyetembea na birika la supu. Fahrija akasikia, na kitu kikamrudia kifuani chote kwa mara moja, baridi ya magoti, uzito wa birika, makofi. Sauti ikasema macho ya Hilmo yalikuwa ya kijani. Kisha, katikati ya maneno, akasikika mtoto akimuuliza yule mwanamume kwa upole, kwa adabu, yeye mtoto mwenyewe anaitwa nani, maana amelisahau jina lake.

Fahrija akavuta kiti, akakaa, akaubana mkono wa simu sikioni. Zumra alikuwa analia, anaita dada, dada, liambie.

"Nyamaza, Zumra," akasema. "Sauti yako inamfunika."