Mkono Ndani ya Sanamu

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipofika bustanini kumpelekea mumewe sweta. Mume alikuwa mchongaji wa vyuma, na sanamu yake ilikuwa izinduliwe hapo kesho yake. Haikufanana na mtu wala mnyama. Watu walitania kwamba ni jiko lililogombana na ngazi. Aliiunda kwa tangi kuukuu la kiwanda kilichofungwa. Aliyempa tangi hilo alimnong'oneza kuwa mfanyakazi mmoja alifia ndani yake akilisafisha. Mchongaji akacheka tu.

Bustani ilikuwa tupu. Ndani ya sanamu kitu kilikwaruza chuma.

Kwaruu... kwaruu...

"Baba watoto, toka twende," mke alisema.

Mkwaruzo ukakoma.

"Nipe mkono, Mama Pacha," ikajibu sauti ya mumewe. "Nimekwama."

Mkono ukachomoza kwenye upenyo, unanuka moshi wa kuchomelea. Akaushika. Ulikuwa wa baridi mno... Akavuta.

Akaguswa bega.

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, mikono inachuruzika maji ya bomba.

"Mwachie," alinong'ona. "Usimjibu."

Mle ndani sauti ikaanza kumsihi asiondoke na huyo. Ikadai yeye ndiye baba wa watoto wake, na huyo wa nje ni mtu asiyemjua. Vidole vikazidi kumbana. Akajichomoa kwa nguvu hadi ngozi ikachubuka, wakatoka mbio.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, mume aliuchomelea ule upenyo ukazibika kabisa. Wageni wakaja, wakapiga makofi. Baadaye alimwambia mkewe kuwa aliyemshika ni yule marehemu wa tangini, na sasa yamekwisha.

Mke alitaka sana kuamini. Mume ni mpole, hana neno na mtu. Ila hajamwita tena Mama Pacha. Na pacha wenyewe, waliozoea kumrukia kila akiingia, sasa hukimbilia nyuma ya cherehani ya mama yao.

Siku hizi, giza likianza kuingia, mshonaji hupitia bustanini akaweka sikio kwenye chuma. Mara nyingi hasikii kitu.

Jana sauti iliuliza, kwa uchovu, kama watoto wamekula.

Akajibu kwamba wamekula. Kisha akarudi nyumbani, ambako mwenzake alikuwa ameshawasha taa na kumfungulia mlango.